Siku Wubalem Alipoibiwa Ukurasa

Asubuhi ambayo Wubalem aliibiwa ukurasa wake wa biashara, mumewe Getnet alimkuta jikoni akichambua buni huku akiimba. Akadhani mkewe amechanganyikiwa.

"Wube, umesikia nilichokuambia? Wamekufungia nje. Wameweka picha ya mwanamume mwenye miwani!"

"Nimesikia."

"Wafuasi elfu ishirini na zaidi!"

"Na mimi nimelala mpaka jua limenikuta kitandani," Wubalem akasema. "Niache kwanza nikaange buni."

Zamani Wubalem alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja pale Gondar, Ethiopia. Watalii walipokauka, hoteli ikafunga milango, naye akabaki nyumbani na Kiingereza chake na viatu vyake vya kazi. Ndipo alipoanza kuwasikiliza mabwana wa kwenye simu, wale wanaojipiga picha mbele ya magari ambayo huenda si yao, wakihubiri kwamba mtu anaweza kutajirika akiwa usingizini. Akafungua ukurasa. Akauza vipochi, viatu, nywele za bandia, na mwishowe chai ya kupunguza tumbo. Biashara ikashika kasi kweli. Usingizi ndio uliomkimbia.

Alipofikisha wafuasi elfu moja, alifurahi mchana kutwa. Elfu tano, furaha haikumaliza hata kikombe cha kahawa. Elfu ishirini ilimkuta akibishana na mteja wa Bahir Dar aliyedai viatu vinambana, hata hakuiona namba ikigeuka. Simu alilala nayo chini ya mto. Kanisani, wenzake wakiinama kuomba, yeye alikuwa akiichungulia ndani ya mkunjo wa shuka jeupe alilojitanda.

Lililomchoma zaidi lilikuwa suala la ile chai, ambayo mwenyewe hakuwahi kuionja. Mama mmoja wa Dessie, Yeshi jina lake, aliandika mbele ya wateja wote kwamba chai imemwendesha tumbo. Wubalem akayafuta maneno yale, akapandisha picha nyingine ya kiuno chembamba. Tangu hapo, kila alipoisifu chai ile, alihisi kama anameza mchanga.

Sasa mtu alikuwa amejifanya mteja, akamghilibu mpaka akampa namba ya siri. Mchana huo huo mwizi akapiga simu. Shangazi Emawayish, dada wa baba yake Wubalem, alikuwa amekuja kunywa kahawa, akaacha kutafuna shayiri yake ya kukaanga ili asikie vizuri.

"Dada yangu, pole sana," sauti ilikuwa laini kama siagi. "Mali yako iko salama kwangu. Nitumie asante kidogo tu, nikurudishie leo hii hii."

Getnet alikuwa ameshainuka kwenda kwenye sanduku la akiba. Wubalem akajiona kesho yake, ukurasa mkononi, simu ikitetemeka chini ya mto. Akawa kama mfungwa aliyeachiwa kisha akaambiwa arudi ndani.

"Kaka," akasema, "kuna mteja wa Bahir Dar viatu vinambana. Mjibu wewe. Na wakikuuliza habari za chai, kunywa kwanza uone." Akakata simu.

Shangazi akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo.

"Masikini mwizi! Kaenda kuiba, kajitwika kazi ya mtu!"

"Shangazi, usicheke, tumefilisika," Getnet akalalamika.

"Hebu mtazame mkeo usoni, mwanangu. Hiyo ndiyo sura ya mtu aliyefilisika?"

Siku hiyo Wubalem alikunywa duru zote tatu za kahawa, mpaka ile ya mwisho inayoitwa baraka, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikimpita akiwa uani na simu sikioni. Siku zilizofuata aliwatumia mizigo yao wote waliokwisha kulipa, akawapigia kwa namba zilizokuwa kwenye daftari lake kuwaonya wasimwamini mwenye miwani. Kisha akampigia mama wa Dessie.

"Bi Yeshi, mimi ndiye niliyekuuzia chai. Nilifuta maneno yako. Nimekukosea, nisamehe."

"Ndiye wewe? Ile chai nilimwagia mbuzi wa jirani, naye akaharisha!" Yeshi akacheka, Wubalem naye akacheka, kifua kikamfunguka. "Basi yamekwisha, binti. Sasa unauza nini?"

"Hata sijui."

"Unakaa Gondar na hujui cha kuuza? Jebena langu la udongo la kupikia kahawa limekatika shingo. Haya ya sokoni kwetu yanavuja. Nitafutie la kwenu, jeusi, la mfinyanzi anayejua kazi."

Wubalem akaenda nje ya mji kwa mama mmoja mfinyanzi, Simegn. Shangazi aliposikia, akakunja uso.

"Wafinyanzi wana jicho baya la kuroga, wewe. Usile kwake."

"Na hilo jebena unalomiminiwa kahawa kila siku, Shangazi, lilianguka toka mbinguni?"

Shangazi akageukia shayiri yake.

Jebena la kwanza likafika Dessie vipande vipande. Wubalem alitaka kukata tamaa, lakini ajabu, hakuwa na uchungu ule wa zamani. Alikuwa na hamu ya kujua limevunjikia wapi. Simegn akamwonyesha jinsi ya kulijaza nyasi ndani na nje, hasa shingoni. La pili akalibeba mwenyewe hadi kituo cha basi, akambembeleza dereva aliweke miguuni pake.

Jioni moja Yeshi akapiga. "Nyamaza usikilize," akasema. Wubalem akasikia kahawa ikimiminika, kikombe baada ya kikombe, na wanawake wakigombania nani aanze.

"Majirani zangu wanataka matatu," Yeshi akasema. "Na usiniletee habari za chai!"

Ukurasa mpya ulianza na ndugu na majirani, ukakua polepole kama mtoto wa kunyonya. Kuna siku Wubalem aliamka hana hamu kabisa. Siku hizo alikwenda kwa Simegn hivyo hivyo, akakaa anatazama udongo ukiinuka mikononi mwa yule mama, na kazi ikaanza yenyewe. Tajiri wa Addis alipotaka majebena ya kujaza lori, Wubalem alimjibu kwamba Simegn ana mikono miwili tu. Getnet alinuna kidogo, kisha akasema, "Angalau sasa nikikusemesha unanisikia."

Msimu wa Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Kristo, Yeshi mwenyewe akaja Gondar kusherehekea, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili. Hakutaka kuona makasri ya wafalme wa kale. Alitaka kupelekwa kwa mfinyanzi. Wakaenda wote, shangazi akiwa nyuma, amejiziba mdomo kwa shuka. Simegn akawatandikia ngozi, akaleta injera, zile chapati pana laini, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Yeshi akala. Wubalem akala. Shangazi akatazama kulia, akatazama kushoto, akanawa mikono.

"Shiro yako ina pilipili ya kwetu," akamwambia Simegn kati ya tonge na tonge. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Ongeza basi."