Viatu Nilivyoviweka Mbele ya Nyatiti

Harufu ya godoro lililolowa maji ya ziwa haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua, nami nimenusa mengi. Nimefanya kazi katika nchi tatu, nimelala kambini na wajenzi jangwani, lakini leo nikipita penye godoro lililoanikwa juu ya ua, huwa tena mtoto wa miaka kumi. Ni harufu ya matope, ya omena, dagaa wa ziwa letu, waliosahaulika mchangani, ya gugumaji linalooza, na chini ya hayo yote, harufu ya nyasi zilizotafunwa ambayo sisi watoto tuliijua kuwa ya kiboko. Mwaka ule ziwa lilipanda. Nyumba ya watoto tuliyolelewa ilikuwa bondeni karibu na ufuo wa Dunga, pale Kisumu, na chumba cha wasichana ndicho kilichokuwa chini kuliko vyote. Asubuhi moja niliteremsha miguu kitandani nikakanyaga maji. Mlangoni, kwenye tope lililobaki juu ya maji, palikuwa na nyayo pana kama sufuria. Zilizunguka chumba chetu kisha zikarudi ziwani. Nilimweka mdogo wangu Atieno mgongoni, wakati huo ana miaka mitano, nikavuka naye maji yaliyonifika magotini mpaka jikoni. Sikulia na sikuita mtu. Najisifia jambo hilo hadi leo, na sioni haya.

Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji asidhani anasoma habari za mtu aliyeshindwa. Mimi Akinyi nina diploma ya ujenzi, niliyoipata kwa kusoma jioni huku mchana nikiuza katika duka la watu. Nimekwenda Uarabuni na nikarudi na akili zangu zote na akiba yangu yote. Nimejenga nyumba yangu upande wa Mamboleo, na msingi wake niliupima mwenyewe. Ziwa likiutaka, kwanza lipande mlima. Lakini mwaka ule nilikuwa mtoto wa kulelewa. Mama alikuwa amefariki, nyanya amezeeka kiasi cha kutuchanganya majina, na kitu pekee duniani nilichoweza kukiita changu kilikuwa Atieno.

Siku mbili baada ya mafuriko alikuja ofisa wa watoto. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliozidi kunitisha. Aliingiza kidole kwenye ufa wa ukuta wa chumba chetu, kikaingia chote. Alimwambia Mama Perpetua, mlezi wetu, kwamba wakubwa wangeweza kulala katika chumba cha kulia kwa muda, lakini wadogo wa chini ya miaka saba wangehamishiwa nyumba nyingine, mbali, mpaka chumba kipya kijengwe pale juu penye mwamba. Mama Perpetua aliuliza ni mpaka lini. "Mpaka nione paa, Mama," akasema. "Au angalau nione vifaa vya paa. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi." Jioni ile ile Mama Perpetua alikunja nguo za Atieno, akazitia katika begi la nailoni la mistari, akalisukuma chini ya benchi tulilolalia. Kila nilipoamka nililigusa kwa mguu kuhakikisha bado lipo. Nilijua maana ya kuhamishwa. Pale kwetu palikuwa na ndugu wawili waliotenganishwa hivyo hivyo, na yule mdogo aliporudishwa baada ya muda mrefu hakujua tena Dholuo, lugha yetu, akamwita kaka yake "wewe" kama mtu wa barabarani.

Mama Perpetua hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alikwenda kwa Bwana Njoroge, muuza misumari na mbao wa Mamboleo, aliyeongoza kwaya ya wafanyabiashara wa mjini, wengi wao watu waliotoka Kenya ya kati kama yeye. Kwaya ilikuwa na ukumbi na sare nzuri. Lakini watu wa ufuoni, wachuuzi wa samaki na wenye mitumbwi, wasingeacha kazi zao kwenda kusikiliza kwaya. Kwa hiyo Mama Perpetua akaenda pia Asembo Bay kumwita Mzee Okech, mpigaji nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, ambaye akisikika popote watu huja hata kama hawakualikwa. Alitaka wote wawili wafanye tamasha moja la kutuchangia paa, na mwishoni waimbe wimbo mmoja pamoja.

Ugomvi ulianza siku ya kwanza ya mazoezi. Kwetu mpigaji nyatiti husimamishwa. Mtu katika hadhira huinua mkono, muziki unakatika, naye huweka zawadi mbele ya mpigaji kisha hujisifu kwa sauti kuu: yeye ni nani, ametoka wapi, anaweza nini. Kujisifu huko huitwa pakruok. Bwana Njoroge hakutaka kulisikia neno hilo. "Mzee, hii ni kazi ya Mungu," alisema. "Hatutaki disko matanga hapa, zile ngoma za usiku za msibani."

Mzee Okech alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kifupi, njuga miguuni, anakaza nyuzi bila haraka. "Bwana Njoroge, mtu akija dukani kwako, humwambii misumari yako ni mizuri?"

"Namwambia."

"Basi wewe hufanya pakruok kila siku, ila hakuna anayekupigia muziki."

Wanakwaya walicheka mpaka mmoja akaangusha kitabu cha nyimbo. Hata hivyo wakakubaliana kwamba siku ya tamasha hakuna atakayesimamisha chochote. Kisha wakaulizana nani atauongoza ule wimbo wa pamoja, na Mama Perpetua akasema ingefaa awe mtoto wa nyumba yenyewe. Niliinua mkono kabla hajamaliza. "Mimi nimewahi kuimba peke yangu mbele ya askofu," nikasema. Askofu nilikuwa nimemwona kwenye kalenda ya jikoni tu. Lakini nilikuwa na begi la mistari chini ya benchi, na sikuweza kuvumilia kwamba jambo la Atieno lingeamuliwa na mikono mingine yote isipokuwa yangu.

Tangu siku hiyo niliishi kwa hofu. Katika mazoezi sauti ilitoka, kwa sababu Atieno aliketi miguuni pangu akichezea kamba za viatu vyangu vipya, tulivyonunuliwa na kwaya ili tusipande jukwaani pekupeku. Nilimwimbia yeye. Lakini kila siku niliogopa kwamba mtu angemuuliza mtu, na huyo angemuuliza askofu. Niliogopa sauti ya gari lolote lililopunguza mwendo karibu na lango letu. Niliogopa hata Bwana Njoroge aliponisifu, kwani alisema, "Huyu mtoto ndiye atakayetujengea hilo paa," naye hakujua anamwambia mtu gani.

Tamasha lilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, alasiri. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya Kisumu, ukumbi umejaa mpaka madirishani, upande mmoja watu wa sokoni na mabeseni yao, upande mwingine jamaa za kwaya waliovaa vizuri. Kwaya iliimba, Mzee akapiga, watu wakaridhika. Halafu ikafika zamu yetu. Nilipopanda jukwaani nilimtafuta Atieno miguuni pangu, nikakuta hayupo. Walikuwa wamemketisha mstari wa mbele, karibu na ofisa wa watoto. Ofisa alikuwa amempa peremende, na Atieno alikuwa amemwegemea mkononi, anamung'unya, ametulia kabisa, kana kwamba ameshaanza kumzoea.

Nyatiti ilianza. Kwaya ikavuma kwa midomo iliyofungwa. Zamu yangu ikafika, ikanipita. Mzee Okech alirudia mzunguko. Nilifungua kinywa, pakatoka pumzi tu. Akarudia tena, akaniangalia chini ya kofia yake na kunong'ona, "Nyathina, imba, mwanangu. Vidole vyangu ni vya kizee." Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilimwona Mama Perpetua ameshika kifua. Nilimwona Bwana Njoroge, mkono wake hewani, unaningoja. Nikajua kwamba nikishuka bila kusema kitu, nitashuka bila Atieno.

Nikainua mkono.

Mzee Okech alikata muziki papo hapo. Mikono yake ilitii desturi kabla kichwa chake hakijakumbuka makubaliano. Lakini anayesimamisha nyatiti hasemi kabla hajaweka kitu, nami sikuwa na kitu. Niliinama, nikafungua kamba, nikavua viatu vya kwaya, nikaviweka mbele ya kigoda chake. Kisha sauti iliyokataa kuimba ikatoka kama ya mtu anayezama.

"An Akinyi! Mimi Akinyi, nyar Dunga, binti wa Dunga! Mimi niliyevuka maji na mtoto mgongoni, kiboko akaniogopa! Mimi mwongo mkubwa wa Kisumu, askofu sijawahi kumwona ila kwenye kalenda! Na huyo anayekula peremende ni wangu! Anayemtaka aje anichukue mimi kwanza!"

Kisha Mzee Okech akagonga njuga mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri. Mama mmoja muuza samaki, mnene, aproni bado inameta magamba, akasimama mkono ukiwa juu. "Mzee, usianze! Mimi nyar Asembo, ninayekaanga mbuta mpaka Nairobi wanasikia njaa! Mtoto amevua viatu, mimi nitakaa hapa na paa langu? Natoa mabati, upande mmoja mzima!" Ukumbi ukalipuka. Yeye hakuketi. Alimgeukia kiongozi wa kwaya. "Na Baba wa misumari anatazama nini? Au misumari ya Mamboleo inaogopa mabati ya Asembo?"

Bwana Njoroge alijifuta paji la uso. Alikitazama kitabu chake cha nyimbo, akakiweka chini. Alikuwa mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba kujisifu ni dhambi, na masikio yake yalikuwa yakiwaka kwa haya. "Mimi ni Njoroge," akasema kwa sauti ndogo. Watu wakapiga kelele aongeze. "Mimi ni Njoroge wa Mamboleo! Misumari yangu haipindi! Natoa misumari na mbao zote! Na mwenye upande wa pili wa paa aseme sasa, Mungu anasikia!" Na wakasema, mmoja baada ya mwingine, wanakwaya na wachuuzi wa samaki, kila mtu akijisifu mbele ya Mzee. Wimbo wenyewe haukuimbwa.

Mtu angedhani hofu iliisha hapo. Ofisa alipotoka alimwambia Mama Perpetua, "Siwezi kuandika makofi kwenye ripoti. Jumatatu asubuhi nitaandika nitakachokiona." Jumapili yote nilifikiria jambo moja. Mtu wa kwetu aliyejisifu mbele ya nyatiti asipotimiza, aibu itamfuata hadi kwa wajukuu. Lakini Bwana Njoroge hakuzaliwa katika desturi hiyo. Huenda aliona ni mchezo tu wa Jumamosi.

Jumatatu gari la ofisa ndilo lililofika kwanza. Alitazama pale juu penye mwamba, palipokuwa na nyasi tu. Alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena, kisha kwa upole wake ule ule akawafungulia wadogo mlango, Atieno wa kwanza. Atieno aliketi ndani, begi mapajani, akanipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Mimi nilikaa chini langoni, mbele ya magurudumu, pekupeku, nikasikiliza barabara. Nilisikia pikipiki. Nilisikia ng'ombe. Dereva alipowasha gari nikasikia, mbali sana, mabati yanagongana. Yalikuja juu ya mkokoteni yakiruka kila penye shimo, na nyuma yake mkokoteni wa mbao, unasukumwa na nusu ya kwaya. Bwana Njoroge alikuwa mbele, matope mpaka kiunoni. Barabara ilikuwa imefurika, wakalazimika kuzunguka. Ofisa akazima gari.

Viatu sikurudishiwa. Mzee Okech alikwenda navyo Asembo, kwani ni haki yake, na muhula ule wote nilikwenda shuleni pekupeku. Kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba nimevilipa.

Leo mimi husema mbele za watu kwamba nimejijenga mwenyewe, na ni kweli, diploma ile hakuna aliyenifanyia mtihani wake. Atieno, ambaye sasa ni mwalimu hapa hapa Kisumu, hukohoa kila nikifika mahali hapo. Ziwa limepanda tena. Watu siku hizi huahidi kwa kidole juu ya simu, hawasimamishi muziki wala hawavui kitu, na anayeahidi haonekani uso. Mwezi uliopita kwaya na wapiga nyatiti vijana walifanya tamasha kwa ajili ya nyumba nyingine ya watoto iliyoingiliwa na maji. Niliinua mkono, nikaweka zawadi yangu, nikajisifu kuliko wote, kama mnavyoweza kukisia, nikaahidi paa zima.

Jumatatu yake lori langu la mabati lilikuwa njiani jua likichomoza. Dereva alininung'unikia kwamba nyumba yenyewe bado imelala. Nilimwambia aongeze mwendo na asiogope mashimo, mabati yagongane tu. Nilijua kuna mtoto pale ameketi, begi mapajani, anasikiliza barabara.