Fankshoni Tatu za Mwanzo

Miezi ile nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilikuwa nyumbani Ilomba, Mbeya, naandika maktaba ya lugha ya kompyuta iitwayo C, yaani msimbo ambao mtu mwingine angeutia kwenye programu yake ili umwandikie XML, taarifa zinazopangwa kati ya alama ziitwazo tagi: ufungue tagi, uweke maneno, ufunge tagi. Mtu huyo alikuwa dada mmoja wa Iringa, Mhehe, mwenzangu wa kazi wa siku nyingi. Alikuwa anatengeneza programu ya mizani ya maziwa kwa wafugaji wa kwao, na mizani isingetuma ripoti bila maktaba yangu. Nilitaka sana aipende.

Toleo la kwanza lilikuwa na fankshoni tatu tu, yaani amri tatu za kuita. Akanipigia simu. Tukasalimiana, tukaulizana mvua na mahindi, ndipo akasema, "Nimeiona, kaka. Inatosha."

Huku Mbeya tunawatania watu wa Iringa kwamba hawajui kusema hapana. Nami Mnyakyusa, niliyezoea kuambiwa kitu kibaya ni kibaya mbele za watu, nikajua dada ananistahi tu. Nikaongeza. Anayetaka kuandika kwenye faili, aandike. Anayetaka mtandao, aipe maktaba fankshoni yake ya kupokea herufi. Nafasi za mistari apange mwenyewe. "Inatosha, kaka. Pole na kazi." Nikaongeza tena. Mwishowe, kuandika tagi moja tupu kulitaka mipangilio ya ukurasa mzima, na hata mimi nikiifungua naona uvivu.

Siku ya kufunga mizani nilikwenda Iringa. Maziwa yakapimwa, ripoti ikatoka safi. Nikainama kwenye kompyuta yake nione anavyoitumia kazi yangu. Kulikuwa na fankshoni tatu: fungua, andika, funga. Zilikuwa zangu, za toleo la kwanza, majina yaleyale. Yote niliyoyaongeza yalikuwa yamezimwa chini ya hizo tatu.

"Kila ulipoleta mpya, nilizirudisha hizi juu yake," akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nilikwambia, kaka. Nilikwambia inatosha."

Akanimiminia chai. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Kazi iliyonichosha kiasi kile nilikuwa nimeshaimaliza kabla sijaanza kuchoka.