Bwana Afya Deraman na Chungu cha Kisimani

Nikwambie mapema usije ukadhani nimelainika: Deraman simpendi. Sikumpenda alipokuja hapa kijijini kwetu Lubok Jering akiwa kijana mwenye miguu ya kuku, pikipiki imefungwa sanduku la vichupa nyuma, na simpendi leo mvi zimemjaa. Alikuwa bwana afya wa jimbo. Miaka ishirini na minane mtu huyo ameingia nyuma ya nyumba zetu, mahali ambapo hata wakwe hawafiki, anachungulia tunapojisaidia, anaandika kwenye daftari. Nani atampenda mtu wa hivyo?

Alianza na vyoo. Zamani hizo sisi tulikwenda vichakani kando ya mto, na kila mmoja alikuwa na kichaka chake. Serikali ikaleta masinki ya choo ya bure, Deraman akapita nyumba kwa nyumba kuyagawa. Marehemu mume wangu alipokea la kwetu kwa mikono miwili, akashukuru sana, na Deraman alipopinda tu kona akaligeuza la kunyweshea bata. Mwezi uliofuata Deraman akarudi, akawaona bata. Hakucheka, hakugomba. Alivua shati, akachimba shimo mwenyewe siku mbili nzima, wanaume wetu wamekaa barazani na kahawa zao wakimpigia kelele.

"We Deraman Choo! Mama yako kakusomesha uje kuchimbia watu mavi?"

"Ndiyo, Pak Cik," akajibu kwa heshima kama anayeitika mjomba, jembe halisimami. "Kanisomesha sana."

Jina hilo likamganda. Watoto walimwimbia njiani, nami nilicheka nao. Hao watoto wameshakuwa watu wazima, wote, na hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana, kwa sababu mimi katika utoto wangu nilifiwa na wadogo zangu wawili kwa kuhara. Sikumshukuru. Ningekuwa mwongo nikisema hata nilitaka.

Lakini kisima changu ni habari nyingine kabisa. Alikichimba baba mkwe, na maji yake ni matamu hadi nusu ya kijiji wanachota kwangu. Kila mwisho wa mwaka mto hufurika na kuingia mpaka jikoni. Maji yakishuka, Deraman huyo! Anakausha visima kwa pampu, anavisafisha, kisha anashusha ndani chungu cha udongo chenye vitundu, kimejazwa mchanga uliochanganywa na unga wa klorini, kinaning'inia kwa kamba. Dawa inatoka humo kidogo kidogo. Kweli inaua wadudu, lakini chai yako inanuka hospitali.

Mwaka ule mafuriko yalishuka wiki mbili kabla ya harusi ya binti yangu wa mwisho, Suhaida. Wageni mia nne. Sasa kwetu mgeni anaweza kukusamehe wali mbichi. Sharubati ya waridi inayonuka klorini hakusamehe, atakusimulia mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo siku tatu kabla ya harusi nilikivuta kile chungu, nikamwaga dawa yote kwenye migomba, nikakijaza mchanga mtupu na kukirudisha. Kamba niliifunga palepale, ionekane. Sharubati ilisifiwa, jamani! Nilitembea kati ya wageni nimevimba kichwa.

Siku ya pili baada ya harusi watu wakaanza kuhara na kutapika. Kufika jioni walikuwa thelathini na mmoja. Lawama zikamwangukia Pak Su Leh, jirani yangu, mpishi wa shughuli zote hapa kijijini tangu mimi ni mwari. "Nyama ililala!" watu wakasema. "Leh amezeeka, hanusi tena!"

Deraman akaja mbio, jasho linamtoka.

"Mek Ngah," akaniita, "chungu kipo?"

"Kipo."

"Hujakigusa?"

"Nikiguse nimekuwa daktari? Kamba si hiyo unaiona? Haki ya Mungu sijakigusa."

Siku zote alikuwa na kichupa chake cha dawa ya kupimia. Anadondosha tone kwenye maji, yakigeuka rangi ya waridi basi klorini ipo. Siku ile alikuwa na nyumba za wagonjwa zinamngoja. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akafunga sanduku na kuondoka bila kupima. Alikwenda kiwanda cha barafu tulikonunua barafu ya harusi, akaenda jikoni kwa Leh, akachukua visu vyake na vipande vya mbao vya kukatia nyama vipelekwe kupimwa. Kuona hivyo watu walipata walichotaka. Familia mbili zilimwondoa Leh kwenye harusi zao.

Nami nikanyamaza. Siku nne. Usiniulize kwa nini, unajua kwa nini.

Asubuhi wanawake walikuja kuchota kama kawaida. Wengi walichemsha kwa sababu Deraman alipita na kipaza sauti akiwaambia wachemshe. Wengine ndio hivyo tena, kuni zimelowa. Siku ya tatu akaja Mek Som, mke wa Leh. Nyumbani kwao hakuna aliyekuwa mgonjwa.

"Leh hali kitu," akaniambia. "Anakunywa maji tu na kutazama ukuta."

Nilimshikia ndoo akaweka ngata yake kichwani. Nilimtwisha kwa mikono yangu hii.

Kesho yake Mek Som akabebwa kwenda hospitali, macho yamezama. Saa sita mchana Deraman akaingia uani kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa amemuuliza kila mtu alikula nini na kunywa nini, mmoja mmoja, hata wazima. Waliokula nyama ya Leh na kunywa kahawa walikuwa wazima. Waliokunywa sharubati walikuwa kitandani. Alivuta kamba, akatia mkono chunguni, akanusa. Kisha akaninyooshea mimi.

"Nusa, Mek."

Nilinusa. Ulikuwa mchanga.

"Miaka ishirini na sita napima kila kisima," akasema. "Kwako nikaamini mdomo. Hilo ni kosa langu, nitaliandika."

"Haya, nitangaze basi! Si ndiyo raha yako?"

"Sitangazi. Kisima nakifunga siku ishirini na moja, gari la maji litasimama barabarani. Wewe utakaa hapa, na kila atakayekuja na ndoo utamwambia asichote, na utamwambia kwa nini."

"Bora unipeleke mahakamani."

"Najua," akasema mshenzi yule.

Nikakaa. Wa kwanza kuja alikuwa Leh mwenyewe, ametoka hospitali moja kwa moja, ndoo mkononi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, chungu, migomba, mchanga.

"Jana mke wangu alikuwa anakusifu," akasema. "Amesema Mek Ngah kanitwisha ndoo."

Akaondoka na ndoo yake tupu. Baada ya kisima kufungwa wagonjwa wapya walikoma ndani ya juma moja, na Mek Som akarudi baada ya siku kumi na moja, amebaki mifupa. Hakukanyaga tena uani kwangu, wala Leh. Tangu hapo chungu nakibadilisha mwenyewe, dawa napima kwa kikombe, na anayelalamika harufu namwambia aende akanywe mtoni.

Mwaka juzi Deraman akastaafu. Hakuna aliyemwandalia chochote. Nikaandaa mimi, wala si kwa mapenzi. Nilitaka ale wali wangu aondoke, tumalizane. Nilimtuma mtu kwa Leh amwombe kupika, sikutegemea, lakini alikuja. Alipika bila kunisemesha neno.

Watu walipokaa, nikamwekea Deraman glasi ya maji ya kisima kwa mkono wangu. Yeye akafungua sanduku lake! Mbele ya kijiji kizima akatoa kile kichupa.

"Hata leo?" nikamaka. "Kwenye karamu yako mwenyewe unanivua nguo?"

"Hata leo, Mek."

Akadondosha. Leh aliacha kukoroga, akasogea na upawa mkononi, macho kwenye ile glasi. Maji yakageuka rangi ya waridi.

"Chungu kipo," Deraman akasema. Akayamwaga, akajimiminia mengine, akanywa yote.

Leh akaweka upawa chini. Alijipangusa mikono, akachukua glasi, akanywa na yeye bila kunitazama. Kisha akatafuta chupa yenye kifuniko, akaijaza mpaka juu, akaitia kwenye kikapu chake cha kupeleka kwa Mek Som.