Asante Iliyotukosesha Chumba

Ijumaa moja ya Kinoo, kule pembeni mwa Nairobi, sijaisahau, mwanangu, na wala haikuwa siku ya mambo makubwa. Ilikuwa habari ya skrini za kompyuta. Tulia nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi mnachomeka waya picha inakuja, mnadhani ilikuwa hivyo tangu Adamu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa msichana, fundi wa kompyuta, namsaidia Mwalimu Khaemba. Mwalimu alikuwa amestaafu, mtu wa magharibi mwa Kenya, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Kanisa lilimpa chumba Kinoo awafundishe kompyuta vijana waliomaliza kidato cha nne wakabaki kukaa tu nyumbani. Wazee wa kanisa waliweka sharti: wakija Jumapili baada ya ibada wakute kompyuta zote zinafanya kazi, la sivyo chumba kirudi kuwa stoo ya viti. Mwalimu hakuwa na mahali pengine pa kuwafundishia. Aliniambia hivyo mwenyewe, nikamhurumia.

Kompyuta zilikuwa za mtumba. Tuliziwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni ya bure na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani akairekebisha. Skrini tulinunua mpya mjini, zile bapa za bei nafuu. Tukawasha. Maandishi yakapita, halafu giza.

Shida ilikuwa kwenye draiva, ile programu ndogo inayoongea na skrini. Kompyuta ikiwaka, draiva huuliza kupitia waya: skrini, upo, na unaweza kuonyesha picha ya ukubwa gani? Zetu zilikuwa zinachelewa kujibu. Draiva ikikosa jibu inasema basi, hapa hakuna skrini, na inafunga njia. Skrini imechomekwa, iko pale mbele ya watu wote, lakini draiva imeshaamua haipo.

Jumatatu nilienda saiba ya Westlands, duka la kulipia intaneti, nikawaandikia waliotengeneza draiva hiyo. Ni watu wa nchi mbalimbali, wanaandikiana mahali wazi ambapo kila mtu anasoma. Mmoja, bwana nisiyemjua hata ni wa wapi, alinijibu upesi na kunitumia marekebisho. Jumanne nikayabeba kwa flashi, nikaiunda draiva upya. Skrini mbili zikawaka. Nyingine zote, giza lile lile.

Mwalimu akasema, "Njeri, wewe baki ujaribu tena. Kesho nitaenda saiba nimwandikie huyo bwana mwenyewe. Ametusaidia bila kutujua." Jumatano jioni akaniambia ameshaandika. Nikakaa nikingoja jibu.

Ijumaa nilichoka kungoja, nikaenda Westlands kujionea. Nikasoma barua ya Mwalimu, Kiingereza safi kabisa: asante sana, kazi yako imetufaa, skrini zinafanya kazi, Mungu akubariki wewe na familia yako. Chini yake bwana yule ameandika kwamba tatizo limekwisha, amelifunga, halishughulikiwi tena. Chini ya hapo kuna mtu mwingine, wa mbali huko, analalamika kwamba skrini yake, ya aina kama yetu, bado ni giza. Naye ameambiwa akaangalie waya wake vizuri, kwa sababu Nairobi wamethibitisha imepona.

Niliona aibu, mwanangu. Nilirudi Kinoo kichwa kinaniwaka, na bado sikujua nitamwambiaje mtu wa umri wa baba yangu.

"Mwalimu, mbona ulimwambia zimepona?"

"Sasa ningemwambia nini? Mtu akufanyie kazi bure, hata chai hujampa, halafu umrudie useme ati imekataa? Sisi hatukulelewa hivyo. Ukipikiwa, unakula. Huanzi maneno ya chumvi."

"Lakini huyu hajakaa mezani na sisi. Hawezi kuona kama tumekula."

Akaniambia nina mdomo sana. Ndipo nikamweleza habari ya yule aliyeambiwa ni waya wake, na kwamba aliambiwa hivyo kwa sababu ya ile asante. Sikuipamba.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta. Alikuwa amefundisha watoto maisha yake yote. Nadhani alijua mtu anavyojisikia akiambiwa amekosea na hajakosea.

"Huyo wa waya amejibu nini?"

"Hajajibu, Mwalimu. Amenyamaza."

"Basi chukua mkoba, twende saiba."

Aliandika mwenyewe, kwa vidole viwili. Kwamba shukrani yake ilikuwa ya kweli, lakini habari aliyotoa haikuwa ya kweli. Mbili zinawaka, nyingine hazijawaka. Na yule ndugu mwenye skrini ya giza yuko sawa, aombwe radhi. Mimi nikaongeza yale maandishi ambayo kompyuta hujiwekea inapowaka, yanayoonyesha swali limeulizwa na jibu halikuja.

Bwana yule hakukasirika. Alisema hayo ndiyo aliyoyahitaji tangu Jumatano. Safari hii akaifanya draiva ingoje kidogo na kuuliza tena kabla ya kuamua kwamba hakuna skrini. Marekebisho yakafika Jumatatu.

Lakini Jumapili wazee walikuwa wameshakuja. Mwalimu aliwaambia ukweli wote. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamshukuru kwa bidii yake, wakachukua ufunguo. Jumatatu nilikuta chumba kimejaa viti hadi dirishani na kompyuta zetu zimetolewa nje kwenye varanda. Nikavuta waya wa umeme, nikaweka draiva mpya, zikawaka zote pale pale varandani, vijana wamesimama wanatazama.

"Siku mbili tu nilizopoteza, Njeri, Jumatano hadi Ijumaa," Mwalimu akasema, akaanza kukunja nyaya.

Aliendelea kufundisha sebuleni kwake, mtaa wa Mountain View, watu wachache kwa zamu. Wengi wa Kinoo hawakufika huko. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo sikiliza. Mtu akikusaidia, mshukuru, halafu siku hiyo hiyo mwambie kilichotokea: imewaka au haijawaka, ipi, na ulifanya nini. Alitoa muda wake ili kitu kipone. Ukimwambia imepona na haijapona, umemziba macho, na mahali fulani mwenzako usiyemjua ataambiwa kosa ni lake. Na siku utakayosaidia wewe, ukaambiwa imekataa, usinune. Uliza maswali, rudi kazini.

Mungu akupe watu wa kukwambia mapema kwamba haijapona, na akupe moyo wa kuwapenda kwa hilo. Nenda salama, mwanangu.