Vitunguu vya Walioshindwa

Mpira sijawahi kuupenda. Niliishi na mwamuzi wa mpira miaka yote ya ndoa yetu hapa Johannesburg, nikamfulia jezi yake nyeusi, nikamwekea filimbi juu ya friji asiisahau, lakini hata leo ukiniuliza kuotea ni nini nitakuambia kaulize wengine. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba wanabishana kama mtoano wa ligi yetu ubaki wa timu nne au uwe wa timu nane, na kwamba uamuzi umebaki kwangu, nilidhani wananitania.

Ligi yenyewe ni ya sisi wageni tunaozungumza Kiswahili: watu wa Dar, wa Tanga kama mimi, Wazanzibari, Wakongo, Warundi, Wakenya. Wanacheza Jumapili, maana siku nyingine mmoja yuko lindoni, mwingine saluni, mwingine amesimama mjini na nguo zake za kuuza. Mume wangu na wenzake waliianzisha kwenye kiwanja cha vumbi kilicho ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba tunayopanga hapa mtaa wa La Rochelle. Mwisho wa msimu, katikati ya baridi, timu nne za juu zilikuwa zinakutana siku moja. Nusu fainali mbili asubuhi, fainali alasiri, kisha pilau uani kwangu.

Sheria ya vitunguu ilikuwa ya mume wangu. Timu mbili zilizofungwa asubuhi haziendi nyumbani. Zinavuka barabara na vumbi lao, zinaingia uani, zinamenya vitunguu na viazi vya watu wote. Alisema mtu akifungwa akaenda zake amenuna, atarudi na ugomvi. Akifungwa akapewa kisu na kitunguu, atacheka. Sijui alilitoa wapi wazo hilo, ila nililiona kwa macho yangu. Wanaume wazima wamekalia ndoo na matofali, machozi yanawatoka, wanarushiana maneno.

"We kipa, hicho kitunguu kishike vizuri, kisije kikakupita katikati ya miguu kama lile goli."

"Mimi angalau mpira ulinipita. Wewe tangu asubuhi umeuona?"

"Shemeji, huyu mtoe kwenye viazi! Anavimenya mpaka vinaisha."

Shemeji ndiye mimi.

Mume wangu alifariki kwa kifua, wakati wa mvua. Kumrudisha Tanga hakukuwezekana, tukamzika hukuhuku. Mpaka arobaini nyumba ilijaa watu, mikeka haikukunjwa. Baada ya arobaini kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na siwalaumu, mji huu haumwachi mtu akae. Mwanangu yuko Durban. Nikimpigia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, tunaulizana hali, tunaagana. Nilikaa muda mrefu kabla ya kujua kiasi cha maji ya chai ya mtu mmoja. Nilikuwa nazidisha kila siku.

Mtoano wa kwanza bila yeye, walikuja kumenya kama kawaida. Nilikuwa jikoni nikasikia mmoja anasema, "Marehemu angeuona umenyaji huu angetoa kadi nyekundu," wote wakacheka, na mimi nikacheka peke yangu juu ya sufuria. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia mtu mwingine akimtaja kabla sijamtaja mimi. Nikajua kuwa siku hiyo moja ndiyo itakayonivusha mwaka.

Siku hiyohiyo nilimwona kinyozi mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, nahodha wa timu iliyokuwa ikimaliza ya tano kila msimu. Alikuwa amesimama nje ya uzio wa waya, ameshika waya kwa vidole, anatazama uani. Nikamjazia sahani ya pilau nikampelekea.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni ya wale wamecheza. Sisi tunaangaliaka tu."

Nikamsihi. Akashukuru kwa adabu, akakataa tena. Nilirudi na sahani imepoa mkononi.

Msimu uliofuata ndipo kamati ilipokuja kwangu. Walikuja sebuleni Jumapili baada ya mechi, wakaketi na makoti yao, nikawapa chai ya tangawizi. Mzee wa Kizanzibari alikuwa wa kwanza kukasirika.

"Mkiwaingiza wanane, ligi nzima ya nini? Watu wanahenyeka tangu mvua mpaka baridi wapate nafasi ya juu. Halafu wa nane anakuja na bahati yake ya siku moja anakutoa!"

"Wa nane naye ni mtu," akajibu mwenyekiti, kijana wa Dar.

"Wewe lazima useme hivyo. Timu yako ndiyo ya nane."

Wakacheka, hata mwenyekiti. Lakini hoja zilikuwa za kweli pande zote mbili. Mwenyekiti alisema timu za chini zinakata tamaa katikati ya msimu, wachezaji hawaji, mechi zinavunjika. Wakiwa na la kutumainia watakuja hadi mwisho. Mzee akasema watu hawa wanasimama lindoni usiku kucha, ukiwaongezea mechi utawaumiza, na mlinzi mwenye mguu wa bandeji hana kazi. Wakapiga kura zikalingana. Ndipo mmoja akasema kiti cha marehemu kwenye kamati hakijajazwa, shemeji apige.

Nikauliza, "Timu nane zitamaliza kwa siku moja?"

"Haiwezekani, shemeji. Jumapili tatu."

"Na walioshindwa watamenya lini?"

Wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba nimechoka vya kutosha, kwamba fainali itachezwa kwenye kiwanja kikubwa chenye majukwaa, na chakula wataagiza. Alidhani ananipunguzia mzigo.

Nilisimama na birika mkononi. Neno moja tu lingeniachia siku yangu. Nne. Mzee wa Kizanzibari angenishukuru, na hakuna ambaye angejua sababu. Lakini nilikuwa nawaza vile vidole kwenye waya.

Nikawaambia ukweli. "Mimi nataka ziwe nne. Lakini nataka kwa sababu yangu, nyumba yangu ipate watu. Sababu ya mpira sina. Ukiniuliza haki, wale wanaotazama nje waingie. Andikeni nane."

Mzee aliitazama chai yake. Wakaandika, wakaniaga, na mlangoni mwenyekiti akashika mkono wangu kidogo zaidi ya kawaida, halafu akaenda.

Jumapili ya kwanza ya mtoano mpya nilijua hawaji. Nilifagia ua hata hivyo, nikapanga ndoo na matofali. Sikununua vitunguu, nilikuwa na akili kiasi hicho. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, jua la baridi linawaka lakini halipashi joto, nikasikiliza makelele ya kiwanjani. Mechi ziliisha. Timu zilizofungwa zilivua viatu, zikavaa makoti, zikashuka kuelekea kwenye robot, taa za barabarani, kupanda teksi za mjini. Hakuna aliyegeuka. Wangegeuka kwa nini? Watu walikuwa wamefungwa, wanakwenda kwao.

Kisha geti likalia. Alikuwa yule kinyozi, peke yake, goti limechubuka, jezi imegeuka rangi ya udongo.

"Tumefungwa, mama," akasema. "Tano. Vitunguu viko wapi?"

Nikamweleza kwamba siku hizi hakuna kumenya, leo hakuna pilau, fainali ni Jumapili ya tatu na chakula kimeagizwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazitazama ndoo nilizopanga, akanitazama.

"Kumbe sisi tumeingia, na kitu yenyewe imeisha," akasema. "Mama, wewe ulifikiri mimi nilikuwa naangalia mpira?"

Niliingia jikoni nikakuta vitunguu viwili kwenye kikapu. Nikampa kimoja na kisu, kingine nikashika mwenyewe. Akakaa kwenye ndoo. Anamenya vibaya, anaondoa nusu ya kitunguu pamoja na maganda, na nikajikuta nasema kwa sauti kwamba marehemu angempa kadi nyekundu. Akauliza marehemu alikuwa mtu gani nyumbani, maana yeye alimjua kwa filimbi tu. Nikaanza kumwambia.

Tulikula maharage. Aliosha sahani yake, akaiegemeza ukutani ikauke, akaenda kuwahi teksi.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya tatu. Fainali sikwenda, kiwanja ni mbali. Nilisikia ilikuwa nzuri, watu walijaa. Ndoo nimezirudisha stoo, isipokuwa ile moja aliyoikalia kinyozi.