Sanduku la Sauti la Fundi wa Busia

Fundi amefariki. Habari nimeipata Jumatano sokoni Busia, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya muuza betri, naye akinipa chenji bila kuniinulia macho. "Mwalimu, kwani hukusikia?" aliniuliza. "Tumemzika jana alasiri. Kifua kilimzidi." Nilipokea chenji nikasahau betri zenyewe, ikabidi aniite nirudi kuzichukua. Nimeandika kumbukumbu nyingi katika ukurasa huu, za watu wenye magari na vyeo, na sitaficha kwamba nimechoka kuziandika, maana nyingine ziliandikwa kwa sababu jamaa za marehemu walizitaka. Hii hakuna aliyeniomba. Marehemu hakuwahi kutajwa gazetini akiwa hai, na hata leo sitalitaja jina lake, kwa kuwa mkewe, kaka zake na watoto wake wana haki ya kuishi bila kunyooshewa kidole. Nitamwita Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu kuanzia mpakani hadi Nambale.

Alikuwa Mwislamu wa pale pale Busia mjini, mtoto wa dereva wa lori, na kazi ya redio aliisomea Kisumu, kwa miaka mingi, nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kupandisha bei. Aliporudi nyumbani alikodi baraza nyembamba si mbali na msikiti, akaweka meza, chuma cha kulehemia na makopo yaliyojaa vipande vya redio zilizokufa. Kutengeneza redio ndiko kulikomlisha. Alichokipenda hasa ni kuunda mashine za kukuza sauti, zile tunazoziita amplifaya. Alizitengeneza kwa transista alizozing'oa katika redio mbovu, akazifungia ndani ya mbao nyembamba za makasha ya majani chai, na kuziendesha kwa betri ya gari. Kabla mashine haijatoka barazani aliipima kwa njia yake. Mkewe aliketi uani na spika, kalamu na karatasi, naye Fundi akasoma maneno katika maikrofoni upande wa barabarani: paka, taka, kaka, saka, shaka. Mkewe akikosea hata neno moja, mashine ilifunguliwa upya. "Mnunuzi hanunui kelele," aliniambia siku moja, "kelele anayo kwake bure. Ananunua neno." Na bei yake ilikuwa ya kumwezesha mtu wa kawaida kununua. Mashine ya Fundi ungeipata kwa mbuzi wawili, wakati ile ya kutoka ng'ambo, iliyofanya kazi hiyo hiyo, ilikutaka uuze ng'ombe.

Wasomaji wangu wa huku mpakani wanaikumbuka vizuri ile miaka ya kahawa. Kahawa ya magendo ilivuka mpaka kwa baiskeli, kwa vichwa, na ndani ya matumbo ya malori, na watu tuliowajua wakiwa na shati moja wakaamka na nyumba za mabati mapya. Fedha ile haikuwa na utulivu. Ilitaka kuonekana, na katika vitu vyote vilivyonunuliwa sikuona kilichopendwa kama redio kubwa: redio-gramu zenye miguu, redio-kaseti zenye spika mbili, mashine zenye taa za kijani zinazochezacheza. Ziliwekwa sebuleni, zikafunikwa vitambaa vilivyodariziwa, na mgeni alipoingia kitambaa kiliondolewa. Nimekaa katika sebule nyingi za namna hiyo nikisifu taa. Sikumbuki kama kuna siku niliulizwa kilichosemwa na mtangazaji.

Wakati huo nilikuwa nafundisha katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, karibu na Nambale, na ndimi niliyekuwa katibu wa kamati ya wazazi. Tulikuwa na redio moja na madarasa manne, na tulitaka vipindi vya redio vya shule visikike katika madarasa yote. Mwenyekiti wetu, mtu aliyenufaika na kahawa na mchangaji mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa tayari ameazima mashine ya kigeni kutoka duka moja la mjini ili tuione. Mimi ndiye niliyemwita Fundi alete ya kwake. Alifika akiwa na sanduku lake chini ya kwapa, akasalimia kila mtu, kisha akaomba jambo moja tu. "Wazee wangu, na mama zangu, naomba msikie kwanza, mtazame baadaye." Alitundika blanketi kwenye kamba katikati ya darasa, mashine zote mbili zikawekwa nyuma yake, na redio ile ile, kipindi kile kile, ikapitishwa kwanza katika moja kisha katika nyingine. Tulikuwa wanakamati tisa, tumeketi kule nyuma kabisa ambako watoto huwa wanasinzia.

Mashine ya kwanza ilikuwa na sauti nene, nzuri ya kupendeza, iliyotetemesha dawati nililoegemea. Ila mwalimu wa redioni alisikika kama anayeongea akiwa na chakula mdomoni. Ya pili ilikuwa na sauti nyembamba, haina mbwembwe, lakini kila neno lilifika zima, na wakati mmoja tulisikia hata karatasi ikifunuliwa mbele ya yule mwalimu huko studio. Watu sita kati ya tisa tulisema ya pili ndiyo bora. Mimi nilikuwa mmoja wa hao sita. Fundi akaondoa blanketi. Ya kwanza ilikuwa ile ya kigeni, inang'aa kama sufuria mpya. Ya pili ilikuwa kasha la majani chai, na maandishi ya kiwanda cha chai bado yalionekana ubavuni.

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Mwenyekiti alijikohoza, akasema, "Sasa hii si mambo ya kusikia peke yake. Wageni wakikuja, D.O. wa tarafa akikuja, tutaonyesha wao sanduku ya majani?" Mzazi mmoja aliitikia kwamba shule ina heshima yake. Mwingine akasema kitu cha bei rahisi kina sababu ya kuwa rahisi. Tukaambiwa tuinue mikono upya, na mikono ikainuka kwa ile inayong'aa, mmoja mmoja, na wangu ukiwemo. Aliyekataa ni mama mmoja tu, muuza samaki aliyekuwa akileta omena kutoka ziwani. "Mimi nilisema ya pili," alisema, "na bado nasema ya pili. Masikio yangu haijabadilika tangu saa ile." Mwenyekiti alimwambia, "Mama, asante, tumesikia," kwa namna ambayo sote tulijua hakusikilizwa. Fundi alikunja blanketi taratibu, akalifunga sanduku lake kwa kamba, akatushukuru kwa muda wetu.

Kosa langu halikuishia kwenye mkono. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikaandika kumbukumbu za mkutano. Niliandika kwa Kiswahili safi, kwa mwandiko mzuri, kwamba baada ya kuzisikiliza mashine zote mbili kwa makini, kamati iliridhika kuwa ya kigeni ina sauti bora zaidi. Ningeweza kuandika kwamba tuliichagua kwa ajili ya heshima ya shule. Huo ungekuwa ukweli. Lakini niliona sentensi hiyo inatuaibisha, nikaibadilisha. Wiki chache baadaye mwalimu mkuu wa shule moja ya upande wa Moding, ambaye alikuwa amemwagiza Fundi mashine tatu na Fundi ameshaanza kuziunda, alituandikia akiomba nakala ya kumbukumbu zetu ili ajue tulivyoona. Nilimpelekea. Alizisoma akaghairi. Habari ikaenea kama zinavyoenea habari za namna hii, kwamba Nambale wamejaribu kitu cha yule mtu wakaona hakifai. Kufikia mwisho wa mwaka baraza ya karibu na msikiti ilikuwa na mpangaji mwingine, mshona viatu, na Fundi alikuwa amehamia Malaba na mkewe kutengeneza redio za madereva wa malori.

Mashine ya kigeni, nisiseme uongo mwingine, haikuharibika. Inafanya kazi mpaka leo. Watoto wa madawati ya nyuma ndio hawakuelewa vipindi, na baada ya muhula mmoja tukaacha kuwafungulia, mashine ikabaki ya kutangazia michezo na kumkaribisha D.O.

Nilikaa karibu miaka miwili bila kwenda Malaba. Nilipokwenda, nilimkuta Fundi amekonda na kikohozi kimeanza, lakini alinikaribisha kama mtu aliyeniona jana. Ilikuwa karibu saa sita mchana na alikuwa anajiandaa kutoka. "Umekuja wakati mzuri, Mwalimu. Nisaidie kubeba betri." Njiani akanieleza. Kulikuwa na mama mmoja, mke wa Mteso aliyefanya kazi kiwandani Jinja. Mume alikuwa amezoea kutuma kaseti badala ya barua, kwa mkono wa dereva. Kaseti ya mwisho ilifika, na baada yake ikaja habari kwamba mume amechukuliwa na watu wasiojulikana na hayuko tena. Maiti haikuonekana. Katika kaseti ile alikuwa amemwomba mama yake mzazi awaweke mkewe na watoto katika boma lake hata litokee la kutokea. Lakini mama yule mzee alikuwa karibu kiziwi. Shemeji mmoja, mwenye redio-kaseti kubwa ya spika mbili, alikuwa amempigia kaseti hiyo kwa sauti ya juu kabisa, na bibi alitikisa kichwa akasema huo ni mngurumo, si mtoto wake. Ndugu wa marehemu wakasema basi, kama mama haitambui sauti, mwanamke ameitunga, arudi kwao.

Tuliwakuta wameketi nje ya nyumba, ndugu watatu upande mmoja, mwanamke na watoto wake upande wa pili, na yule bibi katikati kwenye kigoda. Fundi aliwasalimia wote. Alitoa sanduku dogo kuliko yale niliyoyajua, akaliunganisha na betri na kicheza-kaseti, na kutoka ubavuni mwake akavuta waya uliofungwa kwenye mkono wa simu ya zamani, ule unaoshikwa sikioni. Alipiga magoti mbele ya bibi, akamwekea ule mkono sikioni, akafungua sauti kidogo kidogo huku akimtazama usoni. Sisi wengine hatukusikia kitu. Tuliona tu. Bibi alitulia, kisha mdomo wake ukaanza kwenda kana kwamba anajibu. Akaashiria irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Halafu akasema maneno machache kwa Kiteso, na yule mkaza mwana akajifunika uso kwa leso. Mmoja wa wale ndugu ndiye aliyetutafsiria, akiangalia chini: "Anasema ni yeye. Anasema tangu akiwa mtoto alikuwa anavuta pumzi kwanza, ndipo anamwita mama. Anasema ameisikia hiyo pumzi." Bibi aliongeza jambo, akielekeza fimbo kwenye nyumba iliyokuwa nyuma yake, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Mwanamke yule na watoto wake wanaishi pale hadi sasa.

Tukirudi, nikiwa nimebeba ile betri, nilimwambia Fundi juu ya kumbukumbu za mkutano. Nilimwambia kila neno. Akasema, "Nilijua. Yule mwalimu mkuu wa Moding alinisomea."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Mwalimu? Ulikuwepo. Ulisikia mwenyewe."

Nilimwahidi nitasahihisha. Nilikwenda kwa mwenyekiti, akacheka kwa upole, akasema kumbukumbu zilishathibitishwa na kutiwa sahihi, na zaidi ya hayo nani atazisoma tena. Nilipanda hadi Moding. Mwalimu mkuu alinisikiliza kwa heshima, akanipa chai, kisha akanionyesha ofisini kwake mashine ya kigeni, dada wa ile yetu, iliyofunikwa kitambaa. Nilipompelekea Fundi habari hizo aliniambia nisijisumbue, sasa ana kazi nyingine. Tangu siku ile ya bibi, wazee wenye masikio mazito walikuwa wakiletwa kwake kutoka pande zote mbili za mpaka, na aliwaundia visanduku vidogo vya kusikilizia redio, kwa bei ambayo mkulima wa mihogo angeiweza. Aliviunda mpaka kifua kilipomlaza.

Alhamisi nilikwenda kumpa mkewe pole. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, akanitokea mlangoni. Nilijaribu kumwambia kwamba mumewe alikuwa fundi bora kuliko wote niliowajua, kwamba sauti ya mashine zake ilizishinda zile za kigeni. Alinisikiliza hadi mwisho, bila hasira yoyote. "Asante, Mwalimu," alisema. "Hayo maneno angeyapenda." Kisha akaitwa ndani, akaenda.

Nimekuwa nikiyageuza maneno yale kichwani tangu siku hiyo. Tunazoea kulaumu wenye fedha za ghafla kwa kununua kinachong'aa, na nimewalaumu mara nyingi katika ukurasa huu. Lakini wao hawakujua kingine. Tuliojua tulikuwa sita darasani mle, na watano wetu tulinyamaza. Kitu kizuri cha bei nafuu hakina wa kukitetea. Hakina duka wala tangazo, kina ushahidi wa waliokitumia tu, na ushahidi huo ukichelewa haumfai aliyekitengeneza. Basi ndugu msomaji, ukiona kazi njema ya mtu mdogo, mwambie siku hiyo hiyo, na uwaambie waliopo. Mimi nimeyasema yote, kwa ufasaha, kwa mjane wake mlangoni.