Kitabu cha Picha Kwenye Lundo la Pamba

Mwaka ule pamba ilikubali sana, nami nikiwa darasa la sita, binamu yangu alikuja nyumbani kwetu karibu na Segese akitokea Shinyanga mjini. Akaniachia kitabu cha hadithi ya mapenzi ya vijana, chote picha, na maneno yameandikwa ndani ya viduara vinavyotoka midomoni mwa watu. Msichana wa kitabuni alivaa gauni la mkanda. Mvulana alikuwa na baiskeli na nywele za kuchanwa upande. Nilikisoma mpaka nikaanza kutembea kama yule msichana, naenda kisimani na ndoo kichwani huku nimelegeza mkono mmoja kwa maringo.

Dada yangu mkubwa hakujua kusoma. Aliachishwa shule angali mdogo ili anilee mimi. Mchana mmoja tukichambua pamba uani, safi huku, fifi, ile iliyochafuka, kule, akaniambia niache kuchambua niwasomee, fungu langu atalichambua yeye. Mama na shangazi hawakupinga, maana kazi ile inachosha isipokuwa na maneno. Basi nikasoma, kila kiduara nakigeuza Kisukuma.

Tukafika pale mvulana anapomwambia msichana kwamba atamwoa. Nikafunua ukurasa, nikakuta harusi hiyo, shela na keki. Mama akanisimamisha.

"Ng'ombe wangapi?"

Nikasema hawakuandika. Akasema haiwezekani, labda kurasa zimegandana, nirudi nyuma nitazame vizuri. Nikatazama, hamna. Shangazi akasema baba wa binti amevaa tai, mtu wa namna hiyo hatoi mtoto kwa ng'ombe wachache. Mama akamjibu kwamba binti mwenyewe ni mwembamba mno, kwa mikono ile atalima nini? Wakabishana wee, mpaka wakamaliza mahari wenyewe, wakaongeza na mbuzi wa bibi, ndipo nikaruhusiwa kuendelea na harusi.

Dada hakucheka. Alikuwa na lake moyoni. Wiki ile wazee wa kijana mmoja wa ng'ambo ya mto walikuwa wanakuja kumposa. Kijana mwenyewe dada alimpenda, tangu alipomwona kwenye ngoma za mavuno. Ila alitamani sana kwenda kisomo cha watu wazima, na aliogopa kwamba akishaolewa habari hiyo itakuwa imekwisha. Mama alipoinuka kwenda kutazama chungu, dada akaninong'oneza, "Huyu msichana wako, kuna mahali ameuliza kitu?"

Nikamwonyesha ukurasa ambao kiduara cha msichana ni kikubwa kuliko cha mvulana. Anamwuliza kama atamwacha aendelee na kazi yake ya cherehani. Dada akaweka kidole juu ya maneno yale, pamba imemjaa mkono wa pili.

Wageni wakaja. Kwetu binti huitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama anawafahamu watu wale, akajibu ndiyo, akarudi zake ndani. Dada aliitwa, akapiga magoti, akaamkia, akajibu kwamba anawafahamu. Kisha hakuinuka.

"Wazee wangu, naomba kuuliza. Nikija huko kwenu, nitaruhusiwa kwenda kisomo?"

Baba alishika goti lake kama linamuuma. Mshenga, ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusemea upande wa kijana, akakohoa, akaanza kuzunguka, eti hayo yatazungumzwa mbele ya safari. Nilikuwa nachungulia mlangoni, nikamwona dada anainamisha kichwa, nikatamani kulia. Ndipo kijana mwenyewe, ambaye siku ile hakutakiwa hata kufungua kinywa, akasema kutoka nyuma ya wazee wake:

"Kisomo kipo, nyuma ya ghala la pamba. Na mimi nimo, bado nahangaika na herufi. Tutakwenda wote."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Baba wa kijana akamwambia mwanawe anyamaze, lakini na yeye alikuwa anatabasamu, na wazee wakarudi kwenye hesabu ya ng'ombe wao.

Dada akainuka, akaja mlangoni, akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni, akasawazisha majivu kando ya mafiga kwa kiganja. Akataka nimfundishe pale pale herufi za jina lake, na za jina la yule pia kama naziweza.

"Fanya haraka, mdogo wangu. Sitaki kumkuta ameniacha mbali."